Maboga ya Busu Kali

Kama hukuwa nami Jumamosi iliyopita, haya ndiyo uliyoyakosa. Teksi yangu ilimgonga nguruwe wa mchungaji, nikaiuza ili nimlipe mchungaji. Vanila niliyopanda kwa hela zilizobaki ikaoza mizizi. Ndipo nikawashawishi wakwe zangu na ukoo wangu wote kijijini Nukunuku, hapa Tonga, tuache kumuuzia maboga yule tajiri wa mjini anayetukamua kila msimu. Tuyauze wenyewe, moja kwa moja, ng'ambo.

Tukasajili kampuni. Tukaiita Uma Malohi, yaani Bega Imara. Nikampata mnunuzi Auckland, Bwana Thackwell. Tukakubaliana bei nzuri mpaka mwenyewe nikaogopa.

Ulipofunga gazeti nilikuwa nimelala chali sebuleni, najipepea, nachagua rangi ya gari.

Haya, endelea kunicheka.

Simu ililia. Alikuwa Uesile, wakala wa meli, rafiki yangu tangu tuko kwaya.

"Lopeti, nauli unalipa lini?"

"Nauli ya nani? Mimi sisafiri."

"Nauli ya maboga."

Nikacheka. "Hiyo analipa Thackwell."

"Nani kakwambia?"

"Mnunuzi ndiye anayeyataka maboga. Mimi nimeshachoka kuyaona."

"Njoo ofisini," akasema. "Na uje umekula."

Nilimkuta na bakuli la muhogo mbele yake na mkataba wangu pembeni. Akaugeuza kwangu, akaweka kidole chenye mafuta juu ya herufi tatu.

"Soma."

"CIF Auckland."

"Nani aliandika?"

"Thackwell aliniuliza, bei yako ni CIF? Nikamjibu ndiyo, tena CIF ya hali ya juu kabisa."

Uesile akaacha kutafuna. "Wewe ulidhani CIF ni nini?"

"Daraja la ubora."

Alicheka mpaka muhogo ukamkwama, nikalazimika kumpiga mgongoni. Nilimpiga kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Sikiliza, ndugu yangu," akasema alipopata pumzi. "Ukiuza kwa CIF, bei yako imebeba maboga, imebeba bima, imebeba na nauli ya meli mpaka bandari ya kule. Vyote juu yako. Ungesema FOB, kazi yako ingekuwa kuyapandisha melini hapahapa Nuku'alofa, kuanzia hapo nauli ni ya mzungu."

"Kwa hiyo ile bei iliyonitisha..."

"Ilikuwa na nauli tumboni."

Nikakaa kwenye kiti. Kiti kikalia.

"Nikimpigia sasa hivi nikamwambia nilimaanisha FOB?"

"Mpigie. Na mimi nimpigie mke wangu nimwambie nilimaanisha dada yake."

"Na meli ikizama njiani, je?"

"Hapo una nafuu. Maboga yakishapanda melini yakiwa mazima, yakipata ajali baharini ni shauri la mnunuzi. Ndiyo maana unamkatia bima."

"Yaani nalipa nauli, nalipa bima, halafu hata hasara yenyewe si yangu?"

"Hongera," Uesile akasema. "Sasa umeanza kuielewa biashara ya kimataifa. Meli inapakia Alhamisi. Nauli haijalipwa, maboga yanabaki gatini na nguruwe wanaletewa karamu."

*

Mke wangu, Kalolaine, alikuwa anasuka mkeka. Nilijaribu kuanzia mbali.

"Kalo, unajua kuna herufi fulani tatu..."

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza."

"Ulipogonga nguruwe ulianza hivyohivyo. 'Kalo, unajua kuna mnyama fulani...' Sema."

Nikasema. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia baridi. Aliendelea kusuka mpaka mwisho wa mstari, akainuka, akaenda chumbani. Nikasikia kasha likifunguliwa.

Alitoka amekumbatia ngatu yake kubwa, kile kitambaa cha magome kilichogongwa na mama yake na wanawake wa kijiji kizima kwa ajili ya harusi yetu. Ikifunuliwa inatoka mlangoni mpaka barabarani.

"Kalo, hapana."

"Una nauli nyingine?"

"Sina."

"Basi nyamaza na ushike upande ule."

Tukaipeleka kwa yule mama wa mjini anayeshika ngatu na mikeka ya watu kama rehani. Aliipima kwa macho, akaigusa kona, akatoa hela. Ilitosha nauli. Ilitosha na bima. Haikubaki hata ya soda.

Njiani kurudi Kalolaine alisema neno moja tu.

"Lopeti, mtu akikuuliza swali kwa herufi, usimjibu ndiyo. Muulize na yeye kwa herufi."

Alhamisi maboga yalipanda. Makontena yaliinuliwa moja baada ya jingine, na wakwe zangu waliojifunga kiunoni ta'ovala, mikeka yao ya heshima, wakaimba wimbo wa kanisani kana kwamba tunaaga wamisionari. Shemeji yangu alilia. Nilimuuliza kwa nini analia, akasema hajawahi kulima kitu kikasafiri kabla yake.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshika mkononi hati za shehena, zile karatasi ambazo meli inakupa kuthibitisha imepokea mzigo wako. Ziko tatu, zote asili, zina mihuri. Nikawaza: kesho benki, kesho kutwa ngatu ya Kalo inarudi.

*

Nimewahi kukueleza kuwa Thackwell alifungua barua ya dhamana? Kama sikueleza, ni aibu ilinizuia. Alipoandika kwamba benki yake imetoa hiyo barua, mimi nilienda kwenye kundi letu la kunywa kava nikatangaza kwamba benki ya Auckland imetukopesha. Watu wakanipigia makofi. Wajomba wawili wakakopa nguruwe siku ileile. Na Shangazi Luseane, dada mkubwa wa marehemu baba yangu, akaenda kanisani akaahidi mchango wa misinale mbele ya watu wote. Sadaka ile ya mwaka inasomwa kwa sauti, jina kwa jina. Hairudi nyuma.

Kumbe si mkopo. Aliyenifumbua macho ni Bi Heilala, yule wa benki yetu hapa mjini.

"Hii barua," alisema Ijumaa ile, "ni ahadi ya benki ya Auckland. Inasema: huyu mtu akituletea karatasi hizi na hizi, zikiwa zimeandikwa hivi na hivi, tutamlipa. Si Thackwell anayekulipa, ni benki."

"Safi. Karatasi hizi hapa."

Akazipokea. Akaanza kusoma. Dada yule anasoma karatasi kama mtu anayetoa miiba kwenye samaki. Hati za shehena, sawa. Bima, sawa. Cheti cha wizara kwamba maboga hayana wadudu, sawa. Nikaanza kutabasamu.

Akarudi kwenye barua ya dhamana. Akaangalia hati. Akaangalia barua. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna." Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Bi Heilala, nina ngatu ya mke wangu kwenye rehani. Kuna nini?"

"Kampuni yenu inaitwaje?"

"Uma Malohi."

"Andika."

Nikaandika.

"Mbona hapa, ulipompa Thackwell jina, uliweka alama ya juu mbele ya Uma?"

Nikaiangalia. Kweli ilikuwepo. Kale kamstari kadogo, kama ukucha.

"Nilidhani jina lisilo na alama halionekani la Kitonga," nikasema. "Niliweka kwa heshima."

"Kwa heshima," akarudia, akashindwa kabisa. Alicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia. "Kaka yangu, bila alama ni bega. Ukiweka alama ni busu. Benki ya Auckland imeahidi kumlipa Busu Kali. Wewe umeniletea karatasi za Bega Imara."

Mlinzi naye akaanza kucheka. Nikamwangalia, akarudi mlangoni.

"Lakini ni sisi haohao!"

"Mimi najua. Wewe unajua. Hata huyu mlinzi anajua. Anayesoma kule Auckland hajui, na hatakiwi kujua. Anaangalia alama kwa alama."

"Basi wamuulize Thackwell kama maboga si mazuri! Waende wayaonje!"

"Lopeti." Sasa alikuwa ameacha kucheka. "Benki haili maboga. Benki inasoma karatasi. Kontena likijaa mawe na karatasi zikawa sawa, inalipa. Likijaa dhahabu na karatasi zikapishana, hailipi."

Nikaisukuma barua upande wake.

"Futa hiyo alama kwenye barua yao."

"Siwezi. Wewe huwezi. Barua ile haiguswi mpaka mnunuzi akubali. Kuna njia mbili. Ya kwanza, nawaandikia sasa hivi, benki yao imuulize Thackwell kama anaikubali kasoro hii. Akikubali, tunalipwa."

"Na akikataa?"

"Kama amesikia maboga yameshuka bei kule, ataipenda sana hiyo alama yako."

"Na njia ya pili?"

"Chukua hati zako urudi kwa Uesile. Aziandike upya ziseme Busu Kali, pamoja na karatasi nyingine zote. Lakini fanya haraka. Meli haisubiri benki. Itafika kule, maboga yakae bandarini yanadaiwa gharama za kukaa, na jua halijali nani ni bega nani ni busu."

Nikamwambia aandike hiyo ya kwanza, nami nikakimbilia ya pili kwa Uesile. Mlango umefungwa. Kuna karatasi imebandikwa: ofisi nzima iko msibani, watafungua Jumatatu mchana.

Nikarudi nyumbani na hati zangu kwapani. Kalolaine aliniona, akaingia jikoni. Akafunga na mlango.

*

Jumapili kwetu hakuna kazi, hakuna simu ya biashara, hata mpira haupigwi. Unakwenda kanisani, unarudi, unafungua tanuri la udongo, unakula mpaka unalala. Shangazi Luseane alikuja kula kwetu.

Sijui nikueleze vipi cheo cha shangazi Tonga. Akiketi, sisi tunaketi chini zaidi. Akila, tunamngoja. Akiangalia kitu akasema "hiki kizuri," unakifunga vizuri na kumbebea mpaka kwenye gari. Baba yangu alikuwa mtu mkali, lakini mbele ya dada yake huyu nilimwona akiinamisha kichwa kama mwanafunzi. Na Shangazi siyo mtu mbaya. Amenilipia ada, amenipigania mahali pengi. Ila akishaamua, ameamua.

Alikula lu yake ya nyama na majani, akaramba vidole, akaangalia juu ya kabati.

"Zile karatasi zenye muhuri ni za nini?"

Hapa ndipo nilipojimaliza, msomaji. Nilikuwa nimefedheheka wiki nzima. Nimechekwa na Uesile, nimechekwa na Heilala, nimechekwa na mlinzi. Sasa nimepata mtu wa kumfundisha.

"Hati za shehena, Shangazi," nikasema, nikazileta. "Kwa watu wa biashara, hizi si karatasi tu. Hizi ndizo maboga yenyewe."

"Hizi?"

"Meli haimpi mtu mzigo kwa kumpenda sura. Inampa anayekwenda na hii. Moja tu inatosha."

"Mtu yeyote?"

"Zikishatiwa sahihi mgongoni na mwenye mzigo, yeyote anayezishika. Ona, nimeshatia, Bi Heilala alinitaka nitie."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Shangazi!" Nikacheka sana.

Yeye hakucheka. Alizigeuza, akaangalia sahihi yangu, akaweka mkono juu yake.

"Na huyo mzungu wako akikataa kwa sababu ya hilo busu linalochekwa mjini kote?"

"Tutatafuta mnunuzi mwingine hukohuko."

"Nani atatafuta?"

Nikaanza kukusanya sahani.

"Mtaa wa Mangere, kule Auckland, wote ni watu wetu," akasema. "Nina makanisa manne ninayoyajua kwa majina ya wachungaji wake. Wanakula nini wale kama si maboga? Kesho nakwenda huko kwenye ubatizo wa mjukuu."

"Tungoje kwanza benki iseme, Shangazi."

"Mm," akasema Shangazi Luseane.

Nilipaswa kuogopa ile "mm." Badala yake nilimwongezea chai.

*

Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, Bi Heilala akapiga.

"Umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa." Nikakaa. "Thackwell amekubali. Busu, bega, yeye haoni tofauti, anataka maboga yake. Na hajapunguza bei hata seniti."

Nilipiga ukelele mpaka jirani akatoka nje. Nikamwinua Kalolaine, nikamzungusha sebuleni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akacheka.

"Niletee hati zote asili kabla hatujafunga," Heilala alikuwa anaendelea kwenye simu. "Zinaondoka na ndege ya jioni."

"Nakuja sasa hivi! Nakuja nimevaa!"

Nikaenda kwenye kabati. Biblia ipo. Picha ya marehemu baba ipo. Hati hazipo.

"Kalo, zile karatasi umeziweka wapi?"

Kicheko chake kilikatika katikati.

"Karatasi gani?"

"Kalo."

"Shangazi alipita asubuhi ukiwa shambani. Alikuwa anakwenda uwanja wa ndege."

"Na?"

"Akazitaka."

"Ukampa?"

Macho yakamtoka. "Nimnyime? Mimi, niliyeolewa kwenye ukoo huu, nimwambie shangazi yako hapana? Mbele ya picha ya ndugu yake? Halafu nikifa anizike nani?"

"Ungesema nimezifungia!"

"Zilikuwa juu ya kabati, Lopeti! Alizichukua mwenyewe, mimi nilimshikia mkoba tu. Tena alisema ulimpa jana. Na kweli nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia hata wewe, Shangazi, unacheka mpaka meno ya nyuma."

Alikuwa ananukuu sawasawa.

Tukaruka kwenye gari la shemeji, tukakimbilia uwanja wa ndege wa Fua'amotu. Hatukufika hata nusu. Ndege ilipita juu ya minazi, ikaelekea kusini, ikawa ndogo. Shemeji akapunguza mwendo mwenyewe bila kuambiwa.

"Labda ile ni ya kwenda Vava'u," akasema kunipa moyo.

"Vava'u ni kaskazini," Kalolaine akasema.

Nikampigia binamu yangu Feleti, dereva wa lori Auckland.

"Acha kila kitu. Shangazi anatua huko. Nenda umpokee, umnyang'anye karatasi alizobeba."

"Nimnyang'anye nani?"

"Shangazi."

"Wewe ndiye Lopeti kweli, au kuna mtu kaiba simu yake?"

"Basi muombe. Mpigie magoti."

"Hapo umesema. Naenda."

Kisha nikafanya jambo gumu zaidi. Nikampigia Bi Heilala. Nilipanga kumdanganya, lakini nilipofungua mdomo ukweli ukatoka kwa bahati mbaya.

"Hati ziko njiani," nikasema.

"Njiani wapi? Mjini?"

"Njiani kwenda Auckland."

"Nani anazipeleka?"

"Shangazi yangu."

Nikasikia kalamu ikigonga meza.

"Lopeti, huenda umebahatika," akasema polepole. "Hakuna sheria inayosema lazima zipitie kwangu. Benki iliyotoa dhamana iko hukohuko Auckland. Akizifikisha kwao mwenyewe kabla hawajafunga, wanalipa. Ngoja niwaandikie kwamba zinakuja kwa mkono."

Unaona jinsi Mungu anavyonichezea? Nikamkumbatia shemeji akiwa anaendesha. Gari likayumba.

"Shangazi ametuokoa!" nikapiga kelele. "Ameshinda hata ile ndege ya jioni!"

Kalolaine aliniacha nimshike mkono. Tukasimama dukani, tukanunua mkate kwa deni, tukala tumeegemea gari tukingoja simu ya Feleti.

Ilikuja. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliye kanisani.

"Nimemwona Shangazi. Yuko upande wa pili wa kioo."

"Mwambie atoke, benki inafunga."

"Hawezi kutoka. Watu wa ukaguzi wa mimea wamemkalisha."

"Kwa nini?"

"Boga."

"Boga gani, Feleti?"

"La mfano. Amelibeba kwenye mkoba. Anasema huwezi kumuuzia mtu kitu hajakionja."

Mkate ukanikauka mdomoni. "Si kuna ile fomu wanayojaza ndegeni? Hakusema ana chakula?"

"Aliandika hana. Wamemuuliza, anasema boga si chakula, boga ni biashara. Wameleta mkalimani. Mkalimani naye ni Mtonga, amemwona Shangazi, akaanza kwa kumwomba radhi."

"Na hati? Hati ziko salama?"

Feleti akakohoa.

"Feleti!"

"Boga lilikuwa linagongagonga mkobani. Akaogopa litapata michubuko kabla ya kuonjwa."

"Kwa hiyo?"

"Akalizungushia karatasi."

"Karatasi gani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Zile nene, zenye mihuri. Zote tatu. Kaka, boga lina udongo wa kwetu. Wamelitia kwenye mfuko wa plastiki, wakaufunga, na karatasi zikiwa humohumo. Wanasema kitu chochote kilichogusana nalo kinakwenda kuchomwa."

Kalolaine alikuwa ameweka sikio upande wa pili wa simu. Nikamsikia akitaja jina la mama yake, yule aliyegonga ile ngatu.

"Waambie wasichome!" nikapiga kelele barabarani. "Waambie zile karatasi ndizo maboga!"

"Ndicho Shangazi anachowaambia," Feleti akasema. "Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sasa wanataka kujua ni maboga gani mengine. Ngoja, kuna mtu anataka simu."

Ikaja sauti ya mwanamke, mpole, haina haraka hata kidogo.

"Wewe ndiye Lopeti?"

"Ndiye mimi."

"Nina boga moja mezani kwangu ambalo halikutangazwa. Nina mama ambaye anasema kuna makontena ya maboga kama haya baharini, na kwamba yote ni yake. Ni kweli yapo?"

"Yapo. Yana cheti cha wizara, dada yangu. Hayana mdudu hata mmoja."

"Hilo tutalitazama. Meli inaingia asubuhi. Sitaruhusu kontena lifunguliwe, na sitasema hizi karatasi zichomwe au zisafishwe, mpaka nijue ni nani nitakayemwita hapa kujibu." Nikamsikia akivuta kiti. "Sitaki historia ya familia. Nitajie mwenye mzigo. Jina moja."

Simu nyingine ikaanza kulia mfukoni mwa Kalolaine. Akaitoa, akanionyesha: Bi Heilala. Kisha akanikazia macho, na midomo yake ikatamka bila sauti: Thackwell. Shemeji, nyuma yake, akatamka: Luseane.

"Bwana Lopeti?" ikasema ile sauti.

Nikavuta pumzi, nikataja jina. Lipi, utalisoma Jumamosi ijayo.